Natulia nikikaa na mbwa wa mwaloni, nyumbani wanasema nimelogwa

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa miaka 36, nina mume na watoto wawili, mkubwa ana miaka 11, mdogo 4. Tunaishi Pasiansi hapa Mwanza, vyumba viwili vya kupanga, uani tuko familia nne na bomba moja. Mama mkwe wangu naye tuko naye tangu mwaka jana. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri niko mwaloni Igombe, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kusubiri mitumbwi, mchana naanika, saa kumi naanua, nikipata magunia ya kutosha napeleka soko la Kirumba.

Mwezi wa nne mvua ilininyeshea siku tatu mfululizo. Ndoo 40 za dagaa zilikuwa mchangani, hazijakauka, zikavunda. Niliishia kuwauzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mtaji ule ulikuwa mkopo wa kikoba, shilingi 1,200,000. Ili nisiaibike kikoba nikachukua mkopo wa kausha damu, 600,000, marejesho 12,000 kila siku, mvua inyeshe, mwezi uwake. Kikoba nao nawalipa 60,000 kila Jumapili. Mume wangu ni fundi ujenzi, kazi yake leo ipo kesho haipo. Deni la kikoba analijua. La pili hajui.

Tangu hapo silali. Saa tisa usiku macho yako wazi, napiga hesabu. Moyo unadunda kama nimekimbizwa, shingo imekaza, mtoto akimwaga uji nafoka mpaka najishangaa mwenyewe. Mwezi wa sita nilienda zahanati, presha ikasoma 152 kwa 96. Nesi akasema ni mawazo, nipunguze chumvi, nirudi baada ya wiki. Sikurudi.

Sasa Anti, pale mwaloni kuna mbwa. Dume, wa kienyeji, rangi ya kahawia na kifua cheupe, sikio moja limekatika ncha. Hana mwenyewe. Wavuvi wamempa jina la Hadaiwi, wanasema ndiye peke yake pale asiyedaiwa. Siku moja nimemaliza kuanua nikakaa kwenye jiwe, miguu majini, nikawa nalia. Akaja akakaa pembeni, akaniegemea gotini. Hakufanya kingine. Tangu siku ile kila jioni nazima simu, nakaa naye kama nusu saa, namkuna kifuani, tunaangalia mitumbwi ikitoka. Nikiinuka hapo pumzi imeshuka, mabega yamelegea, nafika nyumbani nikiwa mtu. Siku asipotokea nahisi kama nimenyang'anywa kitu. Wiki moja hakuonekana siku mbili, nililia ndani ya daladala watu wananitazama.

Nataka nimlete nyumbani. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mume wangu anasema nampa mbwa muda ambao yeye hapati, sasa anamwita "mume mwenzangu", mwanzo alikuwa anacheka, siku hizi hacheki. Mama mkwe anasema mbwa hamfuati mtu bure, huyo katumwa, na mimi nimelogwa, twende kwa mchungaji tukaombewe. Jirani yetu mmoja ni bibi wa Kiislamu, anaswali barazani pake, ananipenda sana, lakini akisikia habari ya mbwa anajikunyata. Mwenye nyumba sijamuuliza.

Tena kuna jambo lingine. Wiki tatu zilizopita Hadaiwi alimng'ata mtoto wa mama mmoja pale mwaloni. Mtoto alitaka kumnyang'anya kichwa cha sangara. Damu ilitoka kidogo mkononi, wakamsafisha na spiriti, kidonda kilikauka, sasa hana shida. Lakini mume wangu amelishikilia hilo kama ushahidi.

Je, mtu mzima kutulizwa na mbwa ni kawaida, au kweli nina tatizo? Nimlete nyumbani, nimwache kule, au niache kabisa kukaa naye ili nyumba ipate amani?

Ni mimi, Mama Dagaa, Mwanza

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani inahusu mbwa. Ndani yake kuna deni moja linalojulikana na jingine lililofichwa, kuna mume anayeona ametengwa, mama mkwe mwenye hofu, bibi anayeswali, presha iliyopimwa mara moja ikasahauliwa, na nusu saa moja kwa siku ambayo inakushikilia usianguke. Wewe umeuliza mbwa aende wapi. Nitalijibu hilo kadiri niwezavyo, ila nitapita na kwenye hayo mengine kwa sababu yameshikana.

Kwanza kabisa, yule mtoto. Umeandika kidonda kilikauka, kwa hiyo hana shida. Kichaa cha mbwa hakisomwi kwenye kidonda. Virusi vyake hutembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, safari ya wiki kadhaa hadi miezi, wakati kidonda kimeshapona na watu wameshasahau. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Kinachotupa nafuu hapa ni kitu kingine: mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anapong'ata, kwa kawaida huugua na kufa ndani ya siku 10. Wiki tatu zimepita na Hadaiwi anakula na kuegemea watu. Kama ni yeye kweli aliyemng'ata, na si mwingine anayefanana naye, basi siku ile hakuwa na virusi mateni. Hata hivyo mama wa mtoto ampeleke kituo cha afya, aeleze ilivyokuwa, aulizie na chanjo ya pepopunda. Na ikitokea tena kwa mtu yeyote: maji yanayotiririka na sabuni ya kawaida, dakika 15 kwa kuangalia saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Spiriti peke yake haitoshi, na mafuta ya taa au majani ya kusaga ni kuchafua kidonda.

Sasa utulivu wako. Mwili ukielemewa na mawazo humwaga homoni iitwayo kotisoli, mapigo hupanda, misuli hukaza kama vile kuna kitu cha kukimbia. Kwako hicho kitu ni 12,000 ya kesho, na huwezi kuikimbia, kwa hiyo mwili unabaki umewaka usiku kucha. Mwaka 2019 watafiti wa Washington State University kule Marekani waliwagawa wanafunzi 249: kundi moja likashikashika mbwa na paka kwa dakika 10, la pili likaangalia wenzao wakifanya hivyo, la tatu likatazama picha za wanyama haohao, la nne likasubiri tu. Walipopima mate yao, walioshika wanyama kwa mikono yao ndio waliokuwa na kotisoli ya chini zaidi. Kutazama hakukutosha, kushika ndiko kulikosaidia. Kwa hiyo unachohisi pale jiweni mwili wako haukibuni.

Utafiti mwingine ni wa zamani zaidi, wa mwaka 1991, ila unanikumbusha wewe. Karen Allen na wenzake waliwapa wanawake 45 hesabu za haraka za kichwani, huku mapigo na presha vikipimwa. Waliokuwa na mbwa wao pembeni miili yao ilitulia kuliko wale waliokuwa na rafiki wao wa karibu. Rafiki! Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba rafiki, hata akupende vipi, unahisi anaona ukikosea. Mbwa hajui kutoa wala kujumlisha. Wewe unayepiga hesabu saa tisa usiku, umempata kiumbe mmoja asiyejua kama jibu limetoka hasi.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza swali, na usiliharakishe. Ni mbwa anayekutuliza, au ni nusu saa ambayo hakuna anayekuuliza kitu? Maana jioni ile ina mambo mengi. Umekaa, tena baada ya kuinama mchana kutwa. Simu imezimwa, kwa hiyo mtu wa marejesho hakupati. Upepo wa ziwa unakupiga usoni, macho yanaangalia mbali. Mkono unakwenda taratibu kwenye kitu chenye joto. Na huyo aliye karibu nawe ndiye pekee duniani usiyemficha deni la pili. Nyumbani kila ukifungua mdomo kuna sehemu unaikwepa, na kukwepa kunachosha kuliko kubeba gunia. Sisemi mbwa hana sehemu yake. Nauliza tu ni sehemu kubwa kiasi gani.

Unaweza kujipima mwenyewe kwa jioni sita. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa dakika nzima kabla ya kukaa na tena baada ya nusu saa, uandike kwenye daftari la mauzo. Jioni tatu ukiwa na Hadaiwi. Jioni tatu bila yeye, simu ikiwa imezimwa vilevile, jiwe lilelile. Mapigo yakishuka siku zote sita, umejua kwamba dawa yako kwa sehemu kubwa ni kupumzika, na hiyo inahamishika hadi Pasiansi. Yakishuka ukiwa naye tu, hilo nalo ni jibu. Na miguu isiwe majini, tafadhali. Konokono wa kichocho wako kwenye hayo maji ya ukingoni.

Ukikaa naye, kuna namna. Mwache aje mwenyewe. Mkono uanzie kifuani au begani, si juu ya kichwa, maana mkono unaoshuka kichwani mbwa huuona kama wa kupiga. Kuna taratibu kwa kufuata manyoya, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, mathalani nne ndani, sita nje. Kila baada ya muda toa mkono, subiri. Akisogea au kukusukuma kwa pua anataka zaidi. Akigeuza kichwa, akajilamba midomo, akapiga miayo wakati hana usingizi, au weupe wa macho ukaonekana pembeni, amechoka, mwache. Watu wengi hung'atwa kwa kutojua lugha hiyo, halafu husema mbwa alibadilika ghafla.

Yule mtoto aling'atwa kwa sababu nyingine inayojulikana sana: mbwa alikuwa na chakula mdomoni. Mbwa aliyekulia kwenye kugombea vichwa vya sangara na ndege aina ya korongo hawezi kuachia kirahisi. Hilo halimfanyi kuwa mkali, ila una mtoto wa miaka 4, na mtoto wa umri huo ndiye anayekwenda kushika mdomo wa mbwa anayekula. Mumeo alipolishikilia jambo hili, hakukosea kulishika. Pengine amelishika kwa hasira, lakini ni la kweli.

Umesema Hadaiwi hana mwenyewe. Umeuliza? Hapa Tanzania mbwa wengi wanaozurura wana kwao: mchana yuko mtaani, usiku yuko mlangoni kwa mtu. Zile siku mbili alizopotea zinanitia shaka hiyo. Muulize mlinzi wa mwalo, waulize mama ntilie, mwulize kiongozi wa wavuvi wa pale. Ukimchukua mbwa wa mtu umeongeza mdai wa tatu. Na angalia pia kipindi cha mbalamwezi, mitumbwi isipotoka na mabaki ya samaki hakuna. Je, hapo ndipo anakuganda zaidi? Kama ndivyo, njaa ina mkono wake katika urafiki huu. Siyo aibu kwake. Ila ni siku hizohizo ambazo na wewe mfuko umekauka na marejesho hayasimami, kwa hiyo mnakutana wote wawili mkiwa na njaa, na kufarijiana huko kunaonekana kukubwa kuliko siku nyingine.

Tuseme umethibitisha hana mwenyewe. Njia ya kwanza ni kumwacha kule, lakini umtunze badala ya kumlisha tu. Afisa mifugo wa kata atakuambia chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana lini. Sindano ni moja, hurudiwa kila mwaka, na udai kadi. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu kwa uzito wake, kwa hiyo mpime: jipime mwenyewe dukani, halafu jipime tena ukiwa umembeba, utoe. Wavuvi wakichangia kidogo kidogo, mbwa aliyechanjwa ni faida ya mwalo mzima, akiwemo yule mtoto. Hatari ya njia hii ni kwamba huna mamlaka juu yake. Anaweza kupigwa jiwe, kugongwa na gari, kung'atwa na mbwa mgonjwa kabla hajachanjwa, na jioni moja usimkute. Umeshaonja siku mbili tu. Jambo jingine dogo: asizoee kupita kwenye dagaa. Mteja wa Kirumba akimwona mbwa amelala mchangani ulipoanika, hata mimi nisingenunua. Kichanja cha kimo cha kiunoni kinakuokoa na mbwa, na kingekuokoa na ile mvua ya mwezi wa nne pia, maana turubai hufunikika kwa haraka na maji hayatoki chini.

Njia ya pili ni kumleta nyumbani. Hapa nataka tuhesabu kama wafanyabiashara. Mbwa wa kilo 15 anahitaji kwa siku takribani gramu 150 za unga wa mahindi uliopikwa ugali na gramu 80 za dagaa wakavu, waliooshwa mchanga wote, wasio na chumvi, waliochemshwa pamoja. Kwa mwezi ni unga kilo 4 na nusu na dagaa kilo 2 na gramu 400 hivi, kugawanywa asubuhi na jioni. Ugali mtupu atashiba na kukonda. Dagaa wanafaa kwa sababu anakula na mifupa yake laini, anapata madini ya mifupa humo humo. Mapanki ya sangara yaliyopikwa msimpe, mifupa yake ni migumu na huchoma utumbo. Vitunguu usitie kabisa. Maji safi kama lita moja kwa siku, na uani mna bomba moja. Ongeza chanjo, minyoo, dawa ya kupe na viroboto, na kumhasi kama mtakubaliana, kwani dume lisilohasiwa litatoroka kila jike likiwa kwenye joto. Una bahati dagaa unao. Lakini hesabu hiyo iandike karibu na ile ya 12,000 uone kama inakaa.

Zaidi ya pesa kuna tabia. Mbwa huyu amezoea ufukwe mzima. Ukimfunga mnyororo uani kutwa wakati wewe uko Igombe, atabweka, wapangaji watachukia, na mbwa anayefungwa muda wote huwa mkali kweli. Wanaopokea mbwa wakubwa hukadiria siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 kabla hajatulia. Nani atakuwa naye katika hizo siku 3? Ukiniambia mama mkwe, tutacheka wote. Halafu mbwa huambukizwa hali ya nyumba: watafiti wa Sweden walipima kotisoli kwenye nywele za mbwa 58 na wenye mbwa hao, mwaka 2019, wakakuta mtu mwenye kiwango cha juu kwa miezi mingi, mbwa wake naye yuko juu. Yule anayekuegemea kwa utulivu jiweni anaweza asiwe mbwa yuleyule akilala kwenye nyumba yenye kufokeana.

Wengine wangekushauri utafute mtoto wa mbwa badala yake, akue na watoto. Sina haraka na hilo. Asiachishwe mama kabla ya wiki 8, chanjo zake zinarudiwa kila wiki tatu nne mpaka wiki ya 16, anakula mara nne kwa siku, analia usiku. Wewe usiku huna wa kumgawia.

Kuhusu kuacha kabisa ili nyumba ipate amani: inawezekana amani ya watu ikaja. Yako sina uhakika. Ukiondoa nguzo kabla hujaweka nyingine, paa hukaa wapi? Ukiona lazima uache, angalau nusu saa ibaki, hata kama ni kwa kutembea kutoka kituo cha daladala kwa miguu simu ikiwa imezimwa.

Sasa watu wako. Bibi wa barazani usimkisie, mwulize. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa kwetu wanayafuata, tatizo kubwa ni mate na unyevu wa mbwa: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi au wa kuchunga ana ruhusa yake. Kwa hiyo swali la bibi pengine ni la mahali: mbwa atakaa wapi, atapita wapi, maji ya udhu yako wapi, nguo zinaanikwa wapi. Kwenye ua wa familia nne hilo linaweza kupata jibu au likakosa, na mwenye kujua ni yeye na shehe wake. Mwenye nyumba naye aulizwe kabla, si baada.

Mama mkwe usimbishie habari ya kutumwa. Kwa umri wake amewaona watu wakibadilika ghafla na wasijulikane kimewapata nini. Na wewe umebadilika: hulali, unafoka, unalia kwenye gari. Yeye ameona dalili, sababu hajaambiwa, akaweka sababu anayoijua. Kuombewa hakukudhuru, nenda naye ukipenda. Ila hofu yake haitaisha maadamu sababu yenyewe imefichwa.

Na mumeo. Anasema mbwa anapata muda wake. Mimi nadhani anahisi zaidi ya muda. Anaona kuna mahali unakwenda ukiwa mzima na ukirudi unajifunga tena, na hajui ni kwa nini. Unaogopa atasema nini ukimwambia la 600,000? Unamjua, mimi simjui. Kama kuna hofu ya kupigwa, hilo libadilishe kila nilichoandika na utafute mtu mzima wa kuwa nawe kwanza. Kama ni aibu tu, pima aibu hiyo na uzito wa saa tisa usiku. Kuna hatari pande zote: ukimwambia anaweza kukasirika kwa wiki nzima; usipomwambia anaweza kuambiwa na mtu wa marejesho mlangoni, mbele ya mama yake. Kwa upande wa deni lenyewe, nenda kwa mwenyekiti wa kikoba kabla hujakosa Jumapili, si baada, uombe ipunguzwe na muda urefushwe. Angalia kama huyo wa kausha damu ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na usichukue wa tatu kulipa wa pili.

Presha irudie wiki hii. Kipimo kimoja hakitoshi kuamua, ila vipimo vya siku tofauti vikifika 140 kwa 90 au kuzidi hiyo si ya kumwachia mbwa. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2013 kilikubali kwamba kufuga mbwa huenda kukasaidia moyo, na palepale kikaonya mtu asifuge kwa sababu hiyo tu. Usingizi ukiendelea kukataa, au yakakujia mawazo ya kutotaka kuishi, usisubiri jioni: Hospitali ya Bugando wana madaktari wa afya ya akili, na hakuna atakayekushangaa.

Jambo moja dogo unaloweza kulifanya kabla ya kuamua lolote ni kumwalika mumeo Igombe jioni moja, akae kwenye jiwe lile. Si kumtambulisha kwa mbwa. Akuone ukiwa umetulia, maana nyumbani hajakuona hivyo tangu mwezi wa nne, na pengine hapo pumzi ikiwa imeshuka utaweza kulitaja lile usilolitaja. Pengine hutaweza, mtarudi kimya, na bado atakuwa ameona. Hadaiwi akija, mwambie mumeo akae upande, asimwangalie machoni, amwache anuse mkono uliokunjwa. Na asije na samaki mkononi.